Dada wa Zizini, Aliyewanywesha Farasi Walioachwa

Alizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, kitindamimba wa mshona matandiko ya farasi, na mama yake alifariki kabla mtoto hajaota jino. Alipoingia utawani angali msichana, alikabidhiwa farasi wa nyumba ya watawa: kuwasugua, kusafisha kwato, kuwazoeza hatamu wale wachanga bila kuwagusa kwa fimbo. Masista wenzake walimpenda, ila mezani walisogea kando kwa sababu ya harufu, naye akazoea kula peke yake. Wakamwita Dada wa Zizini.

Alipokuwa mtu mzima, mji uliingiwa na ugonjwa wa farasi, wa usaha puani na vidonda mwilini, unaoambukiza hata binadamu. Wakuu wa mji wakaamuru wanyama wagonjwa wafungiwe ndani ya ua wenye ukuta nje ya mji, wasihudumiwe mpaka wafe. Wachukuzi wa mikokoteni, wenye farasi hao, waliwaacha huko, wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Dada akamwendea Mama Mkuu kuomba ruhusa ya kwenda kuwahudumia.

“Mwanangu, ukiingia huko hutoki,” Mama Mkuu alimwambia.

“Najua, Mama. Lakini wametubebea maji miaka yote hii. Leo tuwaache wafe kwa kiu?”

Akaingia, lango likafungwa. Aliteka maji katika kisima kilichokuwa humo, akaosha vidonda, akawakalia waliokuwa wakikata roho. Sista mpishi alileta chakula langoni, akagonga sufuria, akatimua mbio. Mwanzoni Dada alicheka. Baadaye alilia, akasali: “Bwana, niletee hata wa kunitukana, mradi nisikie sauti ya mtu.” Hakuja mtu. Akainuka, akaendelea kuteka maji.

Homa ilipompata hakumwita yeyote. Chakula kilipokaa langoni bila kuguswa, wachukuzi walijikaza wakaingia, wakamkuta amefariki, ameegemea farasi jike mzee aliyelala bila kutikisika. Wapo wanaosema mnyama yule alikuwa hoi tu. Lakini waliobeba mwili walishuhudia kwamba ulipoinuliwa, farasi naye alisimama, akanywa maji, na akapona.

Tangu hapo, wachukuzi wa mji ule hawafungi mkokoteni kabla ya kumnywesha farasi na kumpapasa shingo kutafuta kidonda. Nasi tunaomuomba atuombee, tumwige. Karibu na kila mmoja wetu yupo kiumbe aliyefungiwa lango. Tumpelekee maji, hata kama huko ndani hatutasikia neno la shukrani.