Onyesha Mikono

Dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ya shamba la chai alikuwa mtu wa hasira za karibu, na salamu hakuijua. Wanafunzi wake wa uuguzi wakijipanga mlangoni asubuhi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mikono!" Akiona weusi chini ya kucha, alimburuta mwenye kucha hizo hadi kwenye karai la maji moto, huku yeye akisugua mikono yake mpaka viwikoni na kufoka kwamba mgonjwa huuawa na mikono ya anayemhudumia. Obiero, mwanafunzi wake kutoka upande wa ziwani, alimchukia kwa hilo.

Siku moja nyapara aliingia na fimbo, akamvua blanketi mama mmoja aliyekuwa akiungua kwa homa. "Huyu ni mvivu tu! Wewe Obiero, shika miguu, tumtoe akachume chai." Obiero akashika.

"Mikono!"

Mabati yalitetemeka. Nyapara aliruka nyuma, akaipangusa yake kwenye kaptula. Lakini dresa hakumtazama hata kidogo. Alimtazama Obiero.

"Mwaka mzima nakuosha," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "na bado ni michafu."