Samaki Waliokufa Siku za Ijumaa

Sitakueleza nililoambiwa, nitakueleza nililoliona. Nimefundisha bailojia tangu ujana hadi kustaafu, na mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa "watu wanasema" nilimketisha kabla hajalimaliza. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mjini Lindi, saa sita mchana, miwani ikiwa usoni na akili ikiwa timamu. Ukitaka kuyapima, yapime. Mimi niliyapima.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, madukani kukaanza kuonekana vitu tulivyokuwa tumevisahau. Vioo vinene vilipatikana, na pampu ndogo za kupuliza hewa majini zililetwa kutoka Dubai. Kiinua mgongo changu chote nilikitia katika duka la samaki hai wa baharini: matangi tisa ya kioo yenye maji ya chumvi, na ndani yake samaki wa mwambani waitwao kangaja na vipepeo, na bunju anayefura kama mpira akichokozwa. Fundi Mchopa, mshonaji aliyeweka cherehani yake mlangoni pangu, hakukosa neno kila asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kitoweo kimeamkaje?"

"Marahaba. Hawa ni samaki wa kutazama."

"Na mchuzi wake tunautazama pia?"

Hata hivyo familia chache za mjini zilinunua matangi na samaki. Kisha samaki wakaanza kufa, na wote walikufa kwa namna moja: Alhamisi jioni mzima anaogelea, Ijumaa asubuhi tumbo liko juu. Samaki wangu dukani, waliotoka mwamba uleule na kuishi katika maji yaleyale, hawakufa hata mmoja. Nilikagua chumvi, joto na chakula, sikuona kosa. Mji ukapata jibu kabla yangu: samaki wa Mwalimu wana jini.

Bwana Yusufali, muuza vitambaa mwenye asili ya Kihindi, ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Alikuja na kangaja wake wawili waliokufa Ijumaa, amewaweka juu ya barafu ndani ya sufuria na kuwafunika kama maiti.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini mke wangu anasema kitu kimeingia nyumbani pamoja na maji yako."

"Nani kamwambia?"

"Mji mzima."

"Mji mzima haujui kupima chumvi."

"Haujui, Mwalimu, lakini unajua kuacha kununua. Tumekubaliana wote. Ijumaa baada ya sala tunakurudishia matangi."

Matangi yale yangerudi barabarani, machoni pa watu, na duka langu lingekuwa limezikwa. Nilikuwa na siku nne.

Kesho yake, Jumanne, nilikuwa nimeinama nikisugua kioo. Mchopa alikuwa kwenye cherehani, na hakuna aliyeweza kuingia bila kumwomba asogeze kiti. Nilipoinuka, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya tangi la bunju. Alivaa khanga mbili, na umri wake haukuzidi wa binti yangu wa mwisho.

Hapa ndipo ninapokuomba uniamini. Kinywa changu kilitamka "Shikamoo" kabla sijaamua kusema lolote. Mimi, ambaye mtaani kwangu hakuwa amebaki mtu wa kuniitikia!

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kugeuka, kama mtu aliyezoea.

Samaki wa mwambani humkimbia mgeni, akajificha maweni. Hawa walitoka, katika matangi yote tisa, wakajipanga kwenye vioo wakimwelekea yeye. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya kioo, na mkono wa kulia akautumbukiza majini hadi kiwiko. Nilitaka kumkataza, kwa kuwa mle pamoja na bunju alikuwamo samaki mwenye miiba ya sumu. Lakini samaki yule alipita katikati ya vidole vyake taratibu, mithili ya paka. Mwanamke alipoutoa mkono, ulikuwa mkavu. Nilitazama sakafuni, maana ndiko ushahidi ungeangukia. Saruji ilikuwa kavu. Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilisimama na kitambaa changu mkononi.

"Wewe unawafukiza hawa?" aliuliza.

"Kwa nini niwafukize?"

"Wenzako huwafukiza kila Alhamisi. Na tangu waanze kunisingizia mimi, wamezidisha." Alikitazama kipampu kilichokuwa kikinguruma kando ya tangi. "Mimi nikifukizwa huondoka zangu. Hawa watatokea wapi?"

Nikageuka kukitazama kipampu. Niliporudisha macho, mbele ya tangi hapakuwa na mtu.

"Mwalimu!" Mchopa aliita kutoka mlangoni. "Unazungumza na nani humo? Au kitoweo kimeanza kujibu?"

"Nani aliyepita hapo?"

"Apite wapi, nami nimeziba mlango?"

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha nikafikiri. Mimi ni Mkristo wa kutoka uwanda wa Makonde. Nyumbani kwangu hatufukizi. Wateja wangu ni Waislamu, na Alhamisi jioni, kuukaribisha usiku wa Ijumaa, huwasha chetezo cha udi na ubani, milango ikiwa imefungwa. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini. Na walipoogopa jini, walikisogeza chetezo karibu na tangi!

Sikuliamini hilo kwa kuambiwa, hata na yule. Niliazima chetezo kwa Mchopa, nikakiwasha udi na kukiweka kando ya pampu ya tangi dogo lenye kipepeo mmoja. Haukupita muda, samaki alikuwa juu ya maji akihema. Nilimhamisha upesi. Kufikia alasiri alikuwa anakula.

Alhamisi nilikwenda kwa Bwana Yusufali. Mkewe alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Kumbe muuaji ni mimi?"

"Ni moshi, mama."

"Na moshi ameuwasha nani?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatuma habari kwenye nyumba nyingine. Jioni ile kila nyumba yenye tangi ilizima pampu na kulifunika kwa blanketi hadi moshi ulipokwisha.

Ijumaa baada ya sala nilisimama mlangoni. Walikuja kweli, wakiwa na kanzu zao, mikono mitupu. Bwana Yusufali peke yake alibeba kitu: sufuria ileile, ikiwa na maji safi ya bahari, akitaka kangaja wengine wawili. Nilivua miwani nikaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Duka lipo hadi leo. Simuuzii mtu samaki kabla sijaketi nyumbani kwake jioni moja nikaona wanavyoishi, na tangi lake hukaa na maji na mawe matupu wiki kadhaa kwanza, ili maji yakomae. Wengine hukasirika wakaondoka. Wanaobaki huwaleta jirani zao kutazama, na jirani hao ndio wateja wangu wapya.

Katika tangi la bunju, mwani huota kioo kizima isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja. Nimeijaribu kwa jua na kwa kivuli, na hauoti. Simwonyeshi mtu, maana sitaki wateja wa namna hiyo.

Nawe unayenisoma, fukiza nyumba yako upendavyo. Lakini kabla hujamfukuza usiyemwona, tazama kwanza ni nani mwingine yumo chumbani, asiyeweza kutoka.