Kiti Kilichowekwa Mlangoni

Kazi yangu ni kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Mkalimani hasemi "mjumbe anadai kwamba amechoka". Anasema "nimechoka", hata kama yeye ameamka buheri wa afya. Katika wiki moja nimewahi kuwa waziri, mvuvi na mwanasheria mwenye hasira, huku nimekaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni na maji ya uvuguvugu mezani. Arusha inaishi kwa watalii na mikutano, na mimi nimekula upande wa mikutano. Jioni huyaacha maneno ya watu kibandani, nikarudi nyumbani na yangu machache. Mara moja tu yalinifuata hadi kwa mama.

Ulikuwa mkutano wa maofisa wa bandari, forodha na mazingira kutoka nchi kadhaa. Walikuja kutafuta namna ya kuzuia taka za sumu zinazosafirishwa kwa jina lingine: betri zilizokufa zinaitwa vipuri, mafriji mabovu yanaitwa vyombo vya nyumbani. Walitaka bandari inayopakia iwe inaionya ile inayopokea kabla meli haijang'oa nanga. Jambo jema, lakini nilijiandaa kupambana na usingizi, kwa sababu watu wa mikutano wana kipaji cha kulichosha hata jambo jema.

Wakati huo huo familia yetu ilikuwa inasubiri kontena. Mama anaishi kwenye mteremko wa Meru, juu kidogo ya barabara iendayo Momela. Miguu ilimgomea, na tangu hapo hakukanyaga kanisani. Wajukuu walijitolea kumbeba, akawafukuza kwa mkongojo. Alikuwa ameongoza akina mama wa usharika kwa miaka mingi, na hakuwa tayari kupitishwa mbele yao kama mkungu wa ndizi. Kila Jumapili alivaa sare yake, akakaa barazani kusikiliza kengele, kisha akanuna mpaka Jumatatu. Viti vya magurudumu vya mjini havikumfaa, maana njia ya kwetu ni mawe na mizizi mitupu.

Kaka yangu anayeishi Ulaya ndiye aliyepata kimoja kilichotumika, chenye magurudumu manene ya kupanda vilima. Akakiwekea mto wa kitenge cha sare ya akina mama, zambarau chenye majani ya njano, ambacho mama mwenyewe alimpelekea kwa msafiri. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vilivyotumika akampa nafasi kwenye kontena lake kwa bei ya kutupa. "Na wana utu kweli," kaka alituambia kwenye simu. "Vitu vyetu wameviweka mlangoni kabisa, ili vishuke kwanza." Mama akawaombea watu wale baraka, nami nikaitikia amina ya nguvu.

Siku ya pili ya mkutano ilikuwa ya wazi, waandishi wa habari wamejaa. Akasimama ofisa wa bandari ya kigeni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, kueleza habari za kontena walilolikamata likiwa njiani kuja kwetu. Alisema kwa Kiingereza, nami nikasema kwa Kiswahili.

"Nilifungua mlango," nikasema. "Nikaona magodoro, cherehani na kiti cha mgonjwa."

Picha ikatokea ukutani. Mto wa zambarau, majani ya njano.

Mkalimani akinyamaza, ukumbi mzima hugeuka kumtazama. Mwenzangu niliyekaa naye kibandani alinyoosha mkono kwenye kitufe cha maikrofoni anipokee. Nikamkatalia kwa kichwa, nikaendelea.

"Nyuma ya kiti nikakuta betri za magari zimepangwa hadi juu, zinavuja. Vijana wangu wawili wa kupakua mizigo waliungua mikono."

Hapo ndipo nilipoelewa ule utu wa kuwekwa mlangoni. Tulikuwa pazia. Kiti cha mama yangu kiliwekwa pale ili mkaguzi akifungua aone ugonjwa wa mtu, aone haya, afunge. Nilishikwa na hasira, na bado mdomo wangu ulipaswa kutoa sauti ya mtu mtulivu.

Mjumbe mmoja akauliza kama vile vitu vizuri vya mbele visingeweza kutolewa. "Kile kiti, kwa mfano," alisema. Jibu la yule ofisa likapita kwangu.

"Huenda kiti ni kizima," nikasema. "Lakini tukianza kuchagua, kila kontena litakalokuja litakuwa na kiti mlangoni. Naomba lirudi lote lilikotoka."

Wakati wa chai nilijikuta nimesimama na yule ofisa kwenye meza ya sambusa. Asubuhi ile kaka alikuwa ameniandikia kwamba mzigo umekwama: "Kwenye mikutano yenu huko, huna mtu wa bandarini?" Kwetu kila jambo lina mtu wake, na mtu wangu alikuwa hapo anakoroga chai. Akanishukuru kwa sauti yangu. Alikuwa na uso wa mtu anayeweza kusikiliza.

Nikakumbuka chumba nilichopanga mtaa wa Ngarenaro nilipoolewa. Nyuma ya ua jirani mmoja alikuwa anapasua betri kuukuu atoe madini ya risasi ya kuyeyusha, na maji makali ya betri yalipita mtaroni mbele ya milango yetu. Kuku walikufa. Watoto waliumwa matumbo, na sisi tulifunga madirisha tukasema ni harufu ya karakana. Betri za kontena lile zingeishia mahali kama pale, kwa watu kama sisi. Nilijua hivyo, na bado nilikitaka kile kiti, nilikitaka kama mtoto anavyotaka kitu. Nikameza sambusa yangu, nikamuuliza kama angependa sukari zaidi.

Mkutano ulipokwisha ikatangazwa kwamba nchi kontena lilikotoka na nchi lilikokamatwa zimekubaliana: linarudi lote. Kaka alipiga simu analia, anaapa kwamba hakujua. Nilimwamini. Jumamosi nikapanda kwa mama, njia nzima nikipanga maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo."

Alikuwa barazani, redio ndogo pajani. Nikaanza kueleza habari za betri, vijana walioungua na mfanyabiashara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alisema lirudi?"

"Ofisa wa bandari, mama."

"Ofisa ana sauti yako?"

Nikaiangalia ile redio pajani mwake.

"Nimekusikia redioni," akasema. "'Naomba lirudi lote.' Nikamwambia jirani, huyu ni mwanangu."

Ningeweza kumweleza jinsi ukalimani unavyofanya kazi. Nimewaeleza watu wengi maelezo hayo, na ni ya kweli. Lakini nilikuwa nimesimama na yule ofisa kwenye sambusa, na pale hakuna aliyenipa maneno ya kusema. Nilinyamaza kwa hiari yangu.

"Ndiyo. Nilisema mimi."

"Na ulijua kiti changu kimo?"

"Nilikiona."

Machozi yalinitoka, na hakunibembeleza.

"Basi kesho utanibeba wewe," akasema.

Mimi, bibi wa wajukuu watatu, mwenye mgongo ulioharibikia kwenye viti vya vibandani! Asubuhi wifi yangu anayeishi na mama akamfunga mgongoni kwangu kwa shuka mbili, mama amevaa sare, mkongojo mkononi. Nilishuka ile njia hatua kwa hatua, natweta, yeye akinionya juu ya kila mzizi. Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa kengele ilikuwa imekwisha kulia. Akina mama wa usharika walikuwa wamesimama mlangoni kwa zambarau zao, wote wametugeukia.

Nikausikia mdomo wake sikioni mwangu.

"Nyoosha mgongo," akanong'ona. "Wanatuangalia."

Nikaunyoosha.