Majina Chini ya Sufuria

Fundi sufuria wa nyuma ya stesheni ya Makambako hatumbukizi kitu kwenye chungu chake cha kuyeyushia kabla hajakigeuza na kusoma chini. Akina mama wa huku huchora majina kwenye sufuria zao kwa msumari, zisipotee zikiazimwa misibani. Yeye hufuta masizi kwa dole gumba, kisha huliamkia jina kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi: "Kamwene, Mama Rejoice." Halafu huitupa sufuria chunguni. Sufuria kutoka kijiji cha Kifanya, mfuniko kutoka Kichiwa, vyote vinageuka uji mmoja unaong'aa, nami nisiye na shughuli pale husogea kuchungulia, kama vile jina lingeweza kubaki likielea.

Juzi alisoma moja iliyoletwa na mchuuzi wa vyuma chakavu, akaiweka pembeni. "Ya Mama Oliva," akaniambia. "Ilipikia msiba wa mke wangu. Hawezi kuiuza hii. Imeibwa." Akampigia simu. Mama Oliva akaja amejifunika shuka la baridi, akaitazama, akacheka. "Nimeiuza mwenyewe, fundi. Imetoboka, nitapikia nini?" Fundi aliiinua juani, akachungulia lile tundu kwa muda mrefu. Nyingine huzitupa, hii aliishusha kwa koleo, akaishikilia mpaka jina likaanza kulegea. Hakusema kamwene. "Asante," akasema. Mama Oliva alifungua kinywa aitikie, akaona fundi hajamgeukia, bado anaitazama sufuria, akakifunga.