Majina Ndani ya Kitako cha Bunduki

Asubuhi moja ya masika siisahau, mwanangu. Nilikimbia kutoka Rusimbi hadi Katubuka, hapa hapa Kigoma, na aproni ya kazi kiunoni, nikiwapita watu bila salamu, mimi niliyelelewa kumsalimia hata aliyeninunia. Ngoja nikueleze nilichokuwa nakikimbilia.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia kwa wingi, wengine kwa maboti, wengine kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi seremala mwenye banda langu, na kwa majivuno sikuwa na mpinzani. Leo najivuna pia, ila leo nina sababu.

Mzee Bitaho wa Kidahwe aliniletea bunduki yake. Alikuwa na kibali chake, akiitumia kuwafukuza nguruwe pori mahindini, na kitako chake cha mbao kilikuwa kimepata ufa. Ilikuwa bunduki ya jeshi la Uswisi. Mswisi mmoja aliyefanya kazi huku zamani alimwachia baba yake Mzee Bitaho aliporudi kwao.

Habari zikamfikia Mzee Bomba. Huyu naye alikuwa Mswisi, tukamwita hivyo kwa sababu alikuwa akiwawekea wakimbizi mabomba ya maji kambini. Kumbe kwao alikuwa mkusanyaji wa bunduki za zamani za jeshi lao. Anazo kumi na moja, na kila moja anaijua kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Alikuja bandani akaishika hii isiyo yake, akavuta komeo lake la kuingizia risasi, ambalo huvutwa nyuma moja kwa moja bila kuzungushwa, na machozi yakamlengalenga. Akanionyesha michubuko chini ya kitako. Kwao, alisema, askari huisimamisha kwenye theluji na mawe, mbao ikachubuka, na mkusanyaji huipenda michubuko hiyo kuliko mbao yenyewe.

"Fundi, ziba ufa tu," akaniambia. "Kingine acha."

Nikaitikia. Alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima anapenda mbao iliyochakaa! Nikaziba ufa, na hapo sijishushi: niliuziba hata ukipitisha ukucha huusikii. Kisha nikafungua bati la chuma linalofunika mwisho wa kitako, ikaanguka karatasi iliyokunjwa. Nikadhani imewekwa ili bati lisicheze. Nikaitupa kwenye maranda, nikachukua msasa, nikasugua michubuko yote, nikapaka vanishi mara tatu. Jioni Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi aliyeishi Katubuka, akaja kuchukua maranda ya kuwashia moto, kama kawaida yake.

Asubuhi wazee wale wawili wakaja pamoja. Nikawapa bunduki inang'aa, nikasubiri sifa. Mzee Bomba akapapasa chini ya kitako, akiitafuta michubuko yake. Mzee Bitaho hakujali mng'aro. Aliomba bisibisi.

"Bwana huyu ameniambia askari wa kwao huficha jina lake humu ndani," alisema. "Nikamwambia jina hilo nalijua, na chini yake baba yangu aliandika lake, na yetu sisi watoto wake. Ndiyo maandishi yake pekee niliyobaki nayo. Nataka ayaone."

Akafungua. Hamkuwa na kitu.

"Mwana wanje," akaniuliza taratibu, yaani mwanangu, "baba yangu umemweka wapi?"

Ningepigwa kibao ningeshukuru. Nikakimbia.

Nilimkuta Mama Esperansi mbele ya mafiga, chungu kinachemka, kapu la maranda tupu. Nikamuuliza karatasi. Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na fundo la kanga, akalifungua. Karatasi ilikuwa humo.

"Mimi nilifika huku bila hata kipande cha kuonyesha kwamba nilizaa watoto wanne," alisema. "Nimeona majina ya watu, nitawatiaje motoni, fundi?"

Nililia pale, kidume mzima. Nikamuuliza nimpe nini. Akasema nimtengenezee kigoda, na chini yake nichonge majina ya wanawe wanne. Wawili alikuwa nao. Wawili walipotea njiani.

Karatasi ilirudi mahali pake. Nilikaza skrubu mwenyewe, baada ya Mzee Bomba kusoma kila jina kwa sauti na Mzee Bitaho kuitikia kwa niaba ya waliokwisha kufa. Michubuko haikurudi. Mpaka anaondoka Kigoma, Mzee Bomba aliniita Fundi Msasa, na jina likaniganda.

Kigoda nilikitengeneza kwa mninga, na sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Siku Mama Esperansi aliporejea kwao nilimwona amekibeba kichwani, miguu juu, majina manne yakitazama mbinguni. Tangu hapo hakuna kitanda wala kabati lililotoka bandani mwangu bila jina la mwenyewe kuchongwa chini. Hilo najivunia bila haya.

Basi, mwanangu, kitu cha mzee kikifika mikononi mwako, uliza kabla hujakisafisha. Tengeneza palipovunjika. Palipochakaa paache, mpaka mwenyewe aseme. Na ukiokota jina la mtu usiyemjua, litunze kama alivyolitunza mama yule ambaye hakuwa na kitu. Mungu akupe mikono yenye ufundi na subira, na siku jina lako litakapoanguka chini, akuletee mtu wa kuliokota.