Shangazi Alivyofeli Somo Lake

Shangazi yangu, dada wa baba, alifeli mtihani akiwa na miaka hamsini na minane, tena katika somo alilokuwa akilifundisha mwenyewe. Nalisema mapema ili asitokee mtu kuniambia nimemvunjia heshima. Yeye mwenyewe huwasimulia wageni hata kabla hawajakaa.

Kazi yake ni kufundisha uandishi katika chuo cha ufundi. Si mashairi wala barua za mapenzi, bali ripoti za maabara. Chuo kilimpa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, na fagio moja hawakuliondoa, likabaki pembeni kama mwenye nyumba. Shangazi alikipenda chumba kile kupita kiasi. Aliingiza meza, viti viwili, na akatundika pazia ingawa dirisha halikuwepo.

Mwenzake katika somo hilo alikuwa profesa wa zege, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Kokoto. Mkuu wa chuo aliamua wafundishe pamoja: profesa aonyeshe namna ya kupima vipande vya zege, shangazi aonyeshe namna ya kuandika kilichoonekana. Kumbe hawapikiki chungu kimoja. Walinuniana miaka mitatu. Profesa alidai shangazi anawafundisha vijana kupaka zege poda. Shangazi alidai ripoti za profesa zinasomeka kama namba za simu. Kila mwongozo aliouandika mmoja, mwenziwe aliurudisha umejaa wino mwekundu, mpaka wanafunzi wakawa wanaziokota rasimu hizo kwenye ndoo ya taka na kujifunzia humo. Walifaulu sana, na hakuna aliyewashukuru walimu.

Mkuu alipochoka na malalamiko, aliwaagiza wote wawili waingie maabara, wavunje kipande cha zege, na kila mmoja aandike ripoti yake. Ripoti hizo zikachanganywa na za wanafunzi arobaini, zote zimechapwa, hazina majina ila namba za mtihani. Rundo alilopewa profesa kusahihisha lilikuwa na ya shangazi ndani, na la shangazi lilikuwa na ya profesa. Wakasahihisha bila kujua. Shangazi alipata alama thelathini na moja, profesa thelathini na tatu. Wanafunzi walifaulu wote.

Ofisi ya mitihani haimjui mwalimu, inajua namba. Namba mbili zimefeli, na utaratibu ni kumwita mzazi au mlezi aje kutia saini fomu, ndipo aliyefeli aruhusiwe kurudia. Mkuu naye, kwa aibu aliyoipata, akaongeza sharti lake: walimu hao warudie kwa pamoja, tena wafaulu, la sivyo somo linafutwa na chumba kinarudi kuwa stoo.

Barua ikaja kwa bibi yangu, mwenye miaka themanini na minne. Nilimsomea mara mbili. Akaniuliza kama binti yake ameanza kufuatana na makundi mabaya.

Nilimpeleka mimi. Tulimkuta shangazi kwenye benchi la ofisi ya mitihani, ufunguo wa stoo ameufumbata mkononi, macho chini. Profesa alikuwa amesimama ukutani peke yake. Alimwamkia bibi shikamoo. Bibi aliitikia, akamgeukia karani na kuuliza hawa watoto wamekosa nini. Karani, mtu asiyejua kucheka, alimpa ripoti zote mbili, na bibi akanikabidhi mimi nisome kwa sauti.

Ya shangazi ilikuwa kurasa tano. Mlikuwa na vumbi, mlio wa mashine, na sura ya fundi wa maabara zege lilipopasuka. Ya profesa ilikuwa safu nne za tarakimu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kusinzia, jambo ambalo mimi nilishindwa.

"Sasa hilo zege linafaa kujengea, au halifai?" akauliza.

Nilizipekua karatasi mbele nyuma. Jibu halikuandikwa popote. Shangazi akamtazama profesa, na kwa mara ya kwanza sikuona hasira.

"Hata kwako halimo?" akamuuliza.

"Nilidhani namba zinatosha. Kwako je?"

"Nilidhani nimeshasema."

Bibi akatia saini fomu ya shangazi. Karani akamwuliza profesa mlezi wake yuko wapi. Profesa, miaka sitini na moja, akajibu kwamba wazazi wake walikwisha kufariki, hakuoa, na ndugu hana. Karani akasema bila saini mfumo haukubali. Shangazi akaufungua mkono, akautazama ufunguo. Kwa kweli nilimwonea huruma shangazi.

"Lete hiyo fomu," bibi akasema. "Hapo pa uhusiano andika mama."

Karani akamweleza kwa adabu kwamba huyu si mwanawe.

"Wamefeli pamoja. Nimchukue mmoja, huyu mwingine nimwache hapa na nani?"

Akatia saini polepole. Profesa alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kuwachekesha watu kwa kisa kile, lakini pale nilishindwa kucheka.

Waliandika upya ndani ya stoo, meza moja, kalamu moja. Ripoti ilikuwa kurasa mbili. Mstari wa kwanza ulisema zege hilo lisitumike kujengea nyumba ya mtu yeyote, na mistari iliyofuata ilieleza kwa nini, kwa namba na kwa maneno. Walipata alama sabini. Shangazi amebaki na chumba chake, pazia na fagio.

Ila ile fomu ilikuwa na kifungu chini: mwanafunzi aliyerudia amwonyeshe mlezi maendeleo yake kila mwezi. Shangazi hakijali. Profesa hajakosa hata mwezi mmoja. Huja nyumbani na karatasi zake, husimama mbele ya bibi, mikono nyuma, na kabla hajaulizwa huanza na jibu.