Mwaija na Mikindu ya Masuguru

Watu wa Masuguru wakitaka mkeka wa harusi au wa kumlaza maiti, humfuata Mwaija binti Sadala. Kusuka alifundishwa na mama yake, na ukindu hanunui sokoni. Anakata mwenyewe bondeni, nyuma ya nyumba yake, pale mikindu ilipojiotea kando ya kijito. Huchukua kuti changa moja kwa kila mti, kisha huuacha upumzike. Ndege minana nao wamejaza viota humo, na kelele zao amezizoea kama kelele za wajukuu.

Mwaka huu likaja bomba jipya la maji. Kila mtu alimshukuru Mungu, Mwaija akiwamo, maana ndoo zilikwishamchosha shingo. Lakini vigingi vilipopigwa, mstari ulipita katikati ya mikindu. Kijiko cha kuchimbia mtaro kingeing'oa yote na udongo ungefukia kijito.

Akauliza mkubwa wa kazi ni nani. Akaambiwa ni nyapara mmoja, Benedicto, mzaliwa wa kambi ya mkonge. Mwaija akafurahi. Kwake yeye kila aliyezaliwa kambini ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzigua kama yeye ni watani. Mtani hakasirikiwi. Hata msibani hujitosa kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe chake, na hakuna wa kumgusa.

Asubuhi, baada ya kuswali na kumaliza nyuradi zake, alitandika mkeka mbele ya kijiko, akaketi.

"Shikamoo, mama," Benedicto alisema. "Mbona umekaa hapo?"

"Marahaba, mpagazi wee! Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu mpaka wakaota vipara, leo unakuja kunichimbia? Hapa pangu. Lete ng'ombe ndipo niinuke!"

Vibarua wakaangua kicheko. "Nyapara, leo umepatikana!"

Benedicto hakucheka. "Mama, umenitukana mbele ya watu wangu. Mimi ni Mbena. Babu yangu alitoka Njombe kuja kukata mkonge, hakubeba mzigo wa mtu."

Aibu ilimpanda Mwaija mpaka masikioni. Akainuka, akakunja mkeka wake.

"Nisamehe, mwanangu. Wallahi nilidhani mtani. Nisingethubutu."

Dereva wa kijiko alikwishashika ufunguo. Benedicto akamwinulia mkono asubiri. Kuombwa radhi na mtu wa umri wa mama yake kulimlainisha.

"Yameisha, mama. Sasa niambie bila utani, unataka nini?"

"Usiipitie mikindu. Ndio mkono wangu huo. Na hao ndege wana makinda, tazama mwenyewe."

Benedicto alishuka bondeni, akatazama, akarudi akifuta matope. "Mhandisi akija nitamwomba tusogeze mstari. Si mtu mkaidi. Lakini upande ule ni jabali tupu. Upande huu kuna jiko lako. Tukisogea, linabomolewa, na kwa kuwa ni ombi lako, sidhani kama utafidiwa."

Jiko lile la matofali ya kuchoma alilijenga marehemu mumewe, Hussein, mwaka ule aliougua. Mwaija alilitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na sufuria mbili na kinu.

"Huyo mhandisi akikubali," alisema, "nisije nikawachelewesha."

Mhandisi alifika adhuhuri, akapima, akakubali. Mtaro ukapita jikoni. Upande wa bondeni Benedicto aliwaambia vibarua wachimbe kwa sururu, udongo wautupe upande wa barabara, mbali na kijito.

Siku hizi Mwaija anapikia chini ya turubai. Mvua ikishika, moto unazimika na ugali unabaki nusu. Binti yake, Yusra, alikuja kumsalimu, macho yakamjaa moshi.

"Mama, jiko la baba umewapa ndege!"

"Nimewapa. Jiko hujengwa, mwanangu. Nani kati yenu anajua kujenga mkindu?"

Yusra alivuta turubai upande unaovuja, akalifunga, akaanza kuchochea moto.